Aliyekasirika Ameelewa: Tashtiti, Mtego na Hadhira za Filamu ya Borat

Utangulizi

Pana kauli moja ambayo imekita mizizi katika uhakiki wa tashtiti kiasi kwamba sasa hutajwa kana kwamba ni kanuni isiyohitaji ithibati. Kauli yenyewe ni kwamba anayekasirishwa na kazi ya tashtiti hajaielewa. Tunaisikia katika semina za uzamili, tunaisoma katika tasnifu, na tukisema kweli, sisi walimu ndio tulioipanda huko. Mwanafunzi akituuliza kwa nini watu fulani walichukizwa na kazi fulani ya kuchekesha, jibu letu huwa tayari mdomoni: hawakukitambua kinaya, walisoma juu juu, walichukua maneno ya mhusika wakamtwika mtunzi. Baada ya hapo tunafunga kitabu, na aliyechukizwa hana tena mahali pa kusemea.

Makala haya yanadhamiria kuipinga kauli hiyo. Hatudai kwamba kila hasira ni ya haki, wala hatuungi mkono kupigwa marufuku kwa kazi yoyote ya sanaa. Tunadai jambo finyu zaidi ambalo, kwa maoni yetu, ni zito zaidi: kwamba hasira ya hadhira ni usomaji, na kwamba mara nyingi ni usomaji makini kuliko kicheko. Mhakiki anayeifuta kwa neno moja, “hawakuelewa”, amekwepa kazi yake.

Mfano tutakaoutumia ni filamu ya Borat, iliyoongozwa na Larry Charles na kuigizwa na Mwingereza Sacha Baron Cohen. Ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Novemba 2006. Tumeichagua kwa sababu miitikio ya hadhira zake imehifadhiwa vizuri kuliko ya filamu nyingi za aina yake: ipo katika matamko ya serikali, katika hukumu za mahakama, katika magazeti, na ndani ya filamu yenyewe. Isitoshe, filamu hii ndiyo ambayo watetezi wa kauli tunayoipinga huikimbilia kila mara.

Filamu na hadhira zake

Borat Sagdiyev ni mwandishi wa habari wa kubuni kutoka Kazakhstan, nchi ya kweli. Anasafiri Marekani akiwa na mtayarishaji wake Azamat, eti kujifunza utamaduni wa nchi hiyo kwa manufaa ya taifa lake. Njiani anakutana na watu ambao wengi wao si waigizaji. Hawa wanaamini kwamba wanazungumza na mgeni asiyejua mambo, mwenye Kiingereza kibovu, anayechukia Wayahudi na kudharau wanawake bila kujua kwamba hayo ni aibu. Kamera haikufichwa, wahusika wanaiona. Kilichofichwa ni nia. Ndiyo maana tunauita utunzi wa namna hii mtego, na aliyenaswa humo tutamwita mtegwa.

Mtego huu huzaa hadhira zisizopungua nne. Ya kwanza ni ya wategwa wenyewe, ambao ni watazamaji wa Borat kabla hawajawa watazamwa wetu. Ya pili ni ya wale wanaowakilishwa, yaani Wakazaki, ambao jina la nchi yao limebebeshwa uchafu wote wa hadithi. Ya tatu ni ya wale waliolipa kiingilio wakaketi gizani kucheka. Ya nne ni ya watu waliotumiwa kama mandhari, ambao hawakuwakilishwa kwa jina lao wala hawakuulizwa neno, hao tutawarejea. Uhakiki wetu wa kawaida huihesabu hadhira ya tatu peke yake. Tunaposema “watazamaji waliipokea filamu hii kwa kicheko”, tumekwisha kuamua, bila kutangaza, nani ni mtazamaji na nani si kitu.

Hoja ya wanaopingana nasi

Hainufaishi kitu kumpinga mtu katika udhaifu wake. Hebu tuiweke hoja ya upande wa pili katika nguvu zake zote.

Baron Cohen mwenyewe alieleza mwaka 2006 kwamba mlengwa wa dhihaka si Wakazaki, bali wale wanaoweza kuamini kwamba nchi kama ile ya Borat ipo duniani. Kwa maelezo haya, Borat ni chambo. Anasema ovu ili tuone nani atalikataa na nani atalimeza. Na kwa hakika wapo waliolimeza. Katika duka la silaha, Borat anauliza ni bunduki gani inayofaa kujilinda dhidi ya Myahudi, naye muuzaji anamtajia aina bila kusita, kana kwamba ameulizwa bei ya sukari. Katika gari la wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wanamfungulia Borat vifua vyao na kusema waziwazi wanayoyafikiri juu ya utumwa na juu ya wanawake. Katika mashindano ya wapanda ng’ombe huko Salem, Virginia, anaisifia vita ya Marekani huko Iraq kwa maneno ya kiu ya damu, na umati unashangilia. Hapa chambo kimefanya kazi yake, na mwandishi wa makala haya hana ugomvi na mandhari hayo. Hiyo ni tashtiti, tena tashtiti kali.

Mahakama nayo ilisema lake. Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho mjini New York ilitupilia mbali kesi kadhaa za watu walionaswa. Jaji, akiamua mojawapo, aliandika aya ambayo ingepata alama nzuri katika idara yetu: kwamba kazi hii inampa mtazamaji changamoto ya kukabiliana si na viroja vya kuudhi vya Borat tu, bali pia na miitikio ya kiroja na ya kuudhi vivyo hivyo anayoichokoa kwa Wamarekani wa kawaida. Kwa hiyo hata sheria ilikubali kwamba miitikio ndiyo maudhui.

Tunaikubali hoja hiyo kwa kiasi chake. Lakini ikiwa miitikio ndiyo maudhui, basi inatubidi tuisome miitikio yote, wala si ile tu inayompendeza mtunzi. Na tukianza kuisoma yote, kauli ya “hawakuelewa” inaanza kuvuja.

Kicheko si ithibati ya uelewa

Uvujaji wa kwanza uko upande wa wanaocheka. Mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha uchunguzi wao kuhusu watazamaji wa All in the Family, mchezo wa televisheni wa Marekani ambao mhusika wake mkuu, Archie Bunker, aliumbwa ili ubaguzi wake uchekwe. Waligundua kwamba watazamaji wenye ubaguzi zaidi ndio walioelekea zaidi kumstahi Archie na kumwona mshindi wa mabishano. Walicheka sawa na wenzao, lakini walicheka pamoja naye. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2009, uliohusu kipindi cha Stephen Colbert, ulionyesha jambo la aina hiyo hiyo: wahafidhina na waliberali walimwona kuwa mchekeshaji kwa kiwango kimoja, ila wahafidhina walielekea kuamini kwamba anajifanya tu kutania na kwamba moyoni anayamaanisha anayoyasema.

Kumbe basi mtu anaweza kucheka kwa nguvu pasipo kuelewa lolote. Hofu hii haikuwa ngeni kwa Wayahudi wa Marekani wenyewe. Shirika la Anti-Defamation League lilionya mwaka 2006 kwamba huenda baadhi ya watazamaji wasiufahamu mzaha, na chuki yao ikapata nguvu badala ya kuumbuliwa. Shirika hilo halikusema mtunzi ni mwovu. Lilijua yeye mwenyewe ni Myahudi. Lilitambua tu kwamba kinaya hakina miguu ya kumfuata kila mtazamaji hadi nyumbani kwake.

Tazama pia uwanja wa Salem. Umati ulishangilia mwanzoni, kisha shangwe zikapungua kadiri maneno yalivyozidi kunuka damu, na Borat alipogeuza wimbo wa taifa la Marekani kuwa wa kusifia Kazakhstan, ukamzomea. Wahakiki wengi hunukuu shangwe na kuusahau mzomeo, au wakiutaja husema ni uzalendo uliojeruhiwa. Yamkini. Lakini umati ule ule ulibadili msimamo ndani ya dakika chache, na mabadiliko hayo ni usomaji unaoendelea: watu wanasikia, wanapima, wanakataa. Na tukumbuke kwamba shangwe na nyuso tunazoziona zimepangwa na mhariri wa filamu. Anayeshika mkasi ndiye anayeamua umati umeshangilia nini.

Zaidi ya hayo, mtego wenyewe umeundwa kwa namna ambayo kila mwitikio humtia mtegwa hatiani. Akicheka, ni mbaguzi. Akikaa kimya, ameridhia. Akikasirika, hana ucheshi. Katika karamu ya chakula cha usiku kusini mwa Marekani, wenyeji wanamvumilia mgeni wao kwa muda mrefu kupita kiasi. Mmoja wao anafikia hata kumfundisha matumizi ya choo. Tunawacheka. Lakini tunacheka nini hasa? Aliyelelewa katika utamaduni wa kumstahi mgeni anajua kwamba mgeni asiyejua lugha husamehewa mengi. Subira ya wenyeji wale ni adabu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Filamu inaichukua adabu hiyo na kuifanya ushahidi wa mashtaka. Hakimu ambaye mbele yake kila jibu ni hatia hatafuti ukweli.

Nani hakuielewa lugha?

Uvujaji wa pili unatuhusu sisi wanalugha kwa karibu zaidi, na ni ajabu kwamba haujazungumzwa vya kutosha. Borat na Azamat wanaposemezana “Kikazaki”, hawasemi neno hata moja la Kikazaki. Borat anazungumza Kiebrania, kikichanganywa na maamkizi yanayofanana na ya Kipolandi. Azamat anamjibu kwa Kiarmenia. Wanakijiji wa “Kazakhstan” wanaoonekana mwanzoni mwa filamu wanazungumza Kiromania. Kikazaki, lugha ya jamii ya Kituruki yenye mamilioni ya wasemaji na fasihi simulizi pana, hakimo.

Sasa tuiulize upya kauli tunayoijadili. Nani hapa hakuelewa? Mtazamaji wa Israeli alisikia Kiebrania kinywani mwa mhusika anayechukia Wayahudi, akapata kinaya ambacho mtazamaji wa Chicago hakukipata. Mtazamaji wa Almaty alitambua kuanzia sentensi ya kwanza kwamba lugha ile si yake. Yeye hakuwa na haja ya kuelezwa kwamba nchi ile ni ya kubuni; ndiye mtu pekee duniani ambaye asingeweza kudanganyika. Mtazamaji wa Chicago, au wa Nairobi, aliyesoma tafsiri chini ya picha na kudhani anasikia Kikazaki, ndiye aliyetegwa. Hata hivyo, tunapofika kwenye uhakiki, huyu wa mwisho ndiye tunayemwita mwelewa kwa kuwa alicheka, na yule wa Almaty tunamwita asiyeelewa kwa kuwa alinuna. Huo ni ukosefu wa haki, na ni uhakiki mbovu vilevile.

Mwezi Machi 2012, katika mashindano ya ulengaji shabaha nchini Kuwait, Mkazaki Maria Dmitrienko alishinda nishani ya dhahabu. Aliposimama jukwaani, ulipigwa wimbo wa taifa wa Kazakhstan uliotungwa kwa mzaha kwa ajili ya filamu ya Borat. Waandalizi walikuwa wameuchukua kwenye intaneti wakidhani ni wenyewe. Dmitrienko aliendelea kusimama mpaka mwisho, mkono kifuani. Kazakhstan ililalamika, waandalizi wakaomba radhi, na sherehe ikarudiwa. Hao waandalizi ndio mfano halisi wa hadhira isiyoelewa. Na hawakukasirika hata kidogo. Waliokasirika ni wale walioelewa.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kuiangalia mbinu hii kwa jicho la pili. Mwaka 1932 Evelyn Waugh alichapisha riwaya ya Black Mischief, aliyoiweka katika dola la kubuni liitwalo Azania, kisiwa kando ya Afrika Mashariki. Azania ni jina ambalo Wagiriki wa kale waliipa pwani yetu. Riwaya ilizua ghadhabu, na mwaka 1933 gazeti la Kikatoliki la The Tablet lilimshambulia mwandishi. Lakini mzozo ulikuwa ni kama Mkatoliki mwema anaweza kuandika mambo yale. Mlengwa wa tashtiti, wakasema watetezi, ni ustaarabu wa Ulaya uliovalishwa nguo za kuazima. Huenda. Ila nguo zilizoazimwa zilikuwa zetu, na mwenye nguo hakuhesabiwa katika hadhira.

Linganisha na Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Nayo imejenga nchi isiyokuwepo. Lakini jina lake limetolewa katika kitenzi cha Kiswahili, si katika ramani ya watu wengine, na wanaoshtakiwa humo ni wenye mamlaka juu ya jamii ya mtunzi mwenyewe. Hakuna jirani aliyepakwa tope ili mtawala asafishike.

Kijiji cha Glod

Tope tunalotaja si sitiari tu. Kijiji kinachoonyeshwa mwanzoni kama kwao Borat kiko Romania, na kinaitwa Glod, neno ambalo kwa Kiromania maana yake ni tope. Wakazi wake wengi ni Waroma, jamii ambayo imebaguliwa Ulaya kwa karne nyingi. Katika filamu, Borat anapita kati yao akiwatambulisha kwa kamera: huyu ni mbakaji wa kijiji, huyu ni dada yangu kahaba. Mzee mmoja asiye na mkono amewekewa kifaa cha mpira cha aibu mahali pa mkono wake, bila kujua ni kitu gani.

Baada ya filamu kutoka, wakazi walisema waliambiwa kwamba inatengenezwa filamu ya hali halisi kuhusu maisha yao, na kwamba walilipwa kiasi kidogo mno. Kampuni ya filamu ilikana, ikasema iliwalipa zaidi ya viwango vya kawaida vya waigizaji wa ziada. Wawili kati yao walifungua kesi New York wakidai dola milioni 30. Jaji alisema mwezi Desemba 2006 kwamba madai yao hayakuwa bayana. Filamu, iliyogharimu takriban dola milioni 18, iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani.

Hapa ndipo hoja ya chambo inapokatika. Muuzaji wa bunduki aliulizwa swali akajibu. Wanafunzi ndani ya gari walisema yao kwa hiari, hata kama ulevi uliwasaidia. Wote hao walikuwa na nafasi ya kukataa, na wapo waliokataa: wanawake watetezi wa haki za wanawake waliohojiwa na Borat walikatisha mazungumzo wakaondoka zao. Lakini wanakijiji wa Glod waliulizwa nini? Hawakuchokozwa ili ubaguzi wao ufichuke. Walisemewa kwa lugha wasiyoijua, wakapewa uhalifu wasioutenda, wakaachwa wakitabasamu mbele ya kamera. Miitikio yao si maudhui ya filamu. Wao ni pazia la nyuma tu. Na kama kweli mlengwa ni yule anayeamini kwamba nchi kama hiyo ipo, mbona umaskini ulioonyeshwa upo, punda wapo, na watu wale wapo? Kilichobuniwa ni jina tu.

Wakazi wale walipotazama baadaye walichofanyiwa, walikasirika. Je, tuwaambie kwamba hawakukitambua kinaya? Walikitambua vizuri sana. Walichoona ni kwamba kinaya kile kiliwahitaji wao wawe hayawani ili kifanye kazi. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Utani na haki ya kujibu

Tatizo la msingi, kwa maoni yetu, ni kwamba tumeazima nadharia za upokezi bila kuuliza kama hatuna mizani yetu. Hans Robert Jauss alitufundisha upeo wa matarajio. Wolfgang Iser alitufundisha msomaji anayedokezwa na matini. Ni mafundisho yenye manufaa, lakini msomaji wa Iser ni yule anayeitika kama matini inavyotaka. Asiyeitika hivyo huonekana kama aliyepotea njia. Freud, katika kitabu chake cha 1905 kuhusu mizaha, alikuwa mwangalifu zaidi: aliona kwamba mzaha wenye shabaha huhitaji watu watatu, yaani mtoaji, mlengwa na msikilizaji. Hata hivyo mlengwa wake ni bubu. Raha inapita kati ya wawili juu ya kichwa cha wa tatu.

Utani wa kwetu haumruhusu wa tatu kuwa bubu. Mtani humtukana mtani wake, humchukulia mali, humkejeli hata msibani mbele ya maiti, na haruhusiwi mtu kukasirika. Lakini ruhusa hiyo inasimama juu ya nguzo mbili. Kwanza, wote wawili wanajua kwamba huu ni utani. Pili, aliyetaniwa leo atatania kesho. Ondoa nguzo moja, na kilichobaki si utani; ni matusi yaliyovaa kilemba cha utani. Taarabu ya mipasho inatufunza hilo hilo kwa njia nyingine. Anayepigwa kijembe yumo ukumbini. Shabiki anapoinuka kutunza na kusimama mbele ya hasimu wake, hasimu naye anao wimbo wake anaoungojea. Ukali unaweza kupita mipaka, lakini uwanja ni wa wote.

Basi tunapendekeza kigezo: tunapohakiki tashtiti ya mtego, tuulize kabla ya yote iwapo mtegwa ana nafasi ya kujibu, ndani ya kazi au nje yake, na kwa sauti inayofika mbali kiasi gani. Kigezo hiki hakiihukumu filamu nzima kwa neno moja. Kinaitenganisha: duka la silaha linapita, Glod inaanguka.

Inaelekea watunzi wenyewe wanakijua kigezo hiki. Katika filamu ya pili ya Borat, iliyotoka Oktoba 2020, yumo bibi aliyenusurika mauaji ya Wayahudi barani Ulaya. Iliripotiwa kwamba, kinyume cha desturi yao, waandalizi walimjulisha kuwa mwigizaji ni Myahudi na lengo lake ni lipi. Filamu ikatabarukiwa kwa kumbukumbu yake. Warithi wake walifungua kesi hata hivyo, nayo ikaisha bila kuendelea. La kuzingatia ni kwamba waandalizi walihisi kuna mtu asiyefaa kuachwa ndani ya mtego. Nasi tunauliza: kwa nini huyo, na si yule mzee wa Glod?

Kazakhstan yajibu

Watetezi wa kauli tunayoipinga wana karata moja ya mwisho, nayo ni Kazakhstan yenyewe. Wanasema: tazameni, hata waliotukanwa walikuja kuelewa. Mwaka 2005 wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo ilitishia kumshtaki Baron Cohen, na tovuti yake yenye anwani ya Kazakhstan ikafungwa. Mwaka 2006, rais Nazarbayev alipozuru Marekani, nchi hiyo ilinunua kurasa katika New York Times ili kujieleza upya. Lakini mwaka 2012 waziri wa mambo ya nje alimshukuru Borat hadharani, akisema maombi ya viza yameongezeka mara kumi. Na Oktoba 2020 shirika la utalii la taifa likaichukua kauli maarufu ya Borat, “Very nice”, likaifanya kaulimbiu yake.

Sisi tunaisoma historia hii kinyume. Kazakhstan haikuanza kwa kutoelewa na kuishia kwa kuelewa. Ilielewa tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni kwamba ilipata namna ya kujibu. Taifa lenye mafuta, mabalozi, na fedha za kununua kurasa za magazeti liliweza hatimaye kulinyakua tusi na kulifanya biashara. Likawa mtani. Hata hivyo si Wakazaki wote walioridhika: mwaka huo huo wa 2020 wengine walipinga mitandaoni, na wachache wakaandamana Almaty. Na wazo la kaulimbiu lilitokana na juhudi za Mmarekani aishiye nchini humo. Aliyekubali kucheka ni serikali. Raia hawakupigiwa kura.

Na Glod? Glod haina shirika la utalii. Haina waziri wa kushukuru mtu. Kama kucheka pamoja na aliyekucheka ndiyo dalili ya uelewa, basi uelewa umekuwa bidhaa inayonunuliwa na wenye uwezo, na wasio nao watabaki “wasioelewa” milele. Hapo ndipo kauli yetu ya darasani inapoonyesha sura yake: tunadhani inapima akili ya hadhira, kumbe inapima kipaza sauti chake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kucheka hakuthibitishi kuelewa, na kwamba katika filamu ya mtego watu wenye maarifa zaidi juu ya uongo unaosemwa ndio aghalabu wanaokasirika. Tumependekeza pia kwamba haki ya kujibu, inayotokana na utani wetu, iwe miongoni mwa vigezo vya kuhakiki tashtiti.

Wapo watakaosema kwamba tunawapa silaha wenye mamlaka, ambao siku zote hudai kuumizwa ili wanyamazishe wasanii. Nchi hii inaufahamu vyema udhibiti wa sanaa, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kigezo chetu hakimpi mtawala kitu. Mtawala ana redio, ana televisheni, ana polisi. Hajawahi kukosa nafasi ya kujibu. Kikaragosi cha rais kinapita katika mizani hii bila kugusa ukingo. Kisichopita ni kikaragosi cha maskini aliyeambiwa atabasamu.

Kwa hiyo mwanafunzi atakapotuuliza tena kwa nini watu wale walikasirika, tusimpe jibu la kufunga kitabu. Tumwambie aende akasome hasira yao kwa uangalifu ule ule anaosomea shairi: nani anasema, kwa lugha gani, amesikia nini ambacho sisi hatukukisikia. Kisha arudi atueleze sisi tuliocheka tulikuwa tunacheka nini.